Neno la Kulalia

Mwezi wa sita uliopita tulikwenda msibani kwa ndugu za mke wangu, huko juu ya Tengeru, ambako ukungu wa Meru hushuka mapema na jua unalisikia tu kwa majirani. Wenyeji wetu wakanipa blanketi la kijivu, lile zito lenye mistari miwili myekundu pembeni. Wa rika langu mnalijua. Nilipolivuta hadi puani lilinuka moshi wa mkaratusi na sabuni ya mche, na chini ya harufu hizo, nyingine ya maziwa yaliyomwagika siku nyingi. Mke wangu aliniuliza kama nalia. Nikamwambia ni moshi. Ulikuwa moshi kweli, ila wa miaka mingi iliyopita.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulikaa Kijenge, nyumba ya vyumba vitatu yenye ukuta wa rangi ya maji ya kunde, baba, mama na mimi. Baba alikuwa dereva wa watalii, mtu wa kuondoka alfajiri na kurudi baada ya siku sita akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Mama alishona sare za shule sebuleni. Sikuwa na ndugu, kwa hiyo maneno ya wakubwa niliyasikia yote na kuyatafsiri mwenyewe, bila mtu wa kuniuliza kama nimeyaelewa.

Wiki moja kabla ya likizo ya mwezi wa sita nilivunja chupa ya chai. Haikuwa chupa ya kawaida. Ilikuwa na maua ya waridi ubavuni, mama alipewa siku ya harusi yake, na ilikaa juu ya kabati ikishushwa kwa ajili ya wageni tu. Niliishusha kwa ajili yangu. Ilipogonga sakafu haikutoa mlio wa kuvunjika, ilitoa sauti kama mtu anayeshusha pumzi, na vigae vya fedha vikamwagika miguuni mwangu. Mama alikuja, akaangalia, akaketi kwenye kiti cha cherehani akiwa ameshika tumbo. Hakunipiga. Alisema tu, "Toka hapo usije ukajikata." Ningependa zaidi anipige.

Siku tatu baadaye nikawasikia wakizungumza chumbani. Sauti ya mama ilikuwa chini: "Huyu mtoto hatuwezi kukaa naye hapa." Baba akajibu kitu ambacho sikukisikia. Kesho yake nikaambiwa kwamba ninakwenda kambini, kambi ya wavulana ya kanisa, wiki mbili. Mama akanifungia sweta mbili, soksi, mswaki na Biblia ndogo, na aliponifunga vifungo vya shati akanishika mashavu muda mrefu kuliko kawaida. Basi nikajua. Watoto wengine walipelekwa kambini wakafurahi. Mimi nilikuwa nimefukuzwa kwa sababu ya chupa.

Kambi yenyewe ilikuwa mabweni mawili ya mbao na jiko la nje, katikati ya kahawa na migomba kwenye mteremko wa Meru. Tulikuwa wavulana kama arobaini, kuanzia miaka tisa hadi kumi na nne. Alfajiri tuliamshwa kwa kengele iliyotengenezwa kwa rimu ya gari, tukakimbia hadi kwenye mfereji kunawa uso. Maji yale yalitoka mlimani na yalikuwa baridi hata meno yakiyagusa yanauma. Baada ya uji tulifanya kazi: kuchambua maharage, kuokota kuni, kufagia majani. Halafu mapambio, halafu mafundisho, halafu chakula. Mara nyingi kilikuwa makande, ila siku za Jumatano akina mama wa kijijini walileta loshoro, mahindi na ndizi zilizopondwa na maziwa mgando, na sisi wa mjini tuliokunja pua siku ya kwanza ndio tuliopigania masufuria wiki ya pili. Mchana ulikuwa wa mpira, na hapo ndipo hata mimi nilijisahau.

Kitanda changu kilikuwa cha chini katika dabo deka. Juu yangu alilala Loishiye, mvulana aliyetoka upande wa magharibi wa Meru, kule kukavu ambako baba yake alikuwa na ng'ombe. Alinizidi mwaka mmoja tu lakini alikuwa amekwishalala porini na ndama, na hakuona kitu chochote pale kambini cha kumtisha. Usiku wa kwanza, nilipokuwa nabana pumzi ili nisisikike nikilia, kichwa chake kilitokea kwa juu kikiwa kimeinama.

"Ero," aliniita, kama wavulana wa kwao wanavyoitana, "jifunike mpaka kichwa. Baridi inaingilia masikioni. Hata huzuni."

Nikajifunika. Blanketi lile la kijivu lilinuka moshi, kwa sababu mablanketi yote yalianikwa karibu na jiko, na ndani ya moshi ule nikaona kwamba mtu anaweza kulia asionekane.

Mkuu wa kambi alikuwa Mwalimu Elirehema, mzee aliyestaafu kufundisha shule ya msingi, mrefu, mwenye koti la kaki na mabuti ya mvua aliyoyavaa hata siku za jua. Mchana tulimwogopa kidogo. Alikuwa na namna ya kusema jina lako zima, polepole, ukajikuta umeacha ulichokuwa unafanya. Lakini kila siku wakati wa kulala alikuwa mtu mwingine. Aliingia bwenini na taa ya chemli ikiwa imepunguzwa utambi, akaanza kitanda cha kwanza karibu na mlango, akasimama kwa kila mmoja, akasubiri. Na wewe ulitakiwa umpe neno la kulalia.

Sheria ilikuwa moja. Neno liwe kitu ulichokiona siku ile, kiwe cha kweli, na kiwe chako. Si ombi, si mstari wa Biblia. Ukishasema, Mwalimu alijibu, "Nimelipokea," akagonga mbao ya kitanda mara moja kwa kidole, akaenda kwa mwingine. Wengine walisema mambo ya kuchekesha na bweni zima likatikisika. Loishiye kila siku alitoa neno la ng'ombe. "Leo nimesikia ng'ombe analia huko chini kwa watu. Hawajampa chumvi." Au, "Leo nimeona kinyesi cha ng'ombe mgonjwa njiani. Sikumwona mwenyewe." Mwalimu aliyapokea yote kwa uzito uleule.

Usiku ule wa kwanza alipofika kwangu nilisema, "Sina."

Nilitegemea atanigombeza. Akainama kidogo, mwanga ukamwangukia kidevuni. "Basi pokea langu," alisema. "Leo nimeona kinyonga akivuka njia ya jikoni, na wapishi wawili wenye sufuria la uji wakasimama wakamsubiri."

Akangoja. Loishiye akanong'ona kutoka juu, "Sema umelipokea."

"Nimelipokea," nikasema, na Mwalimu akagonga mbao akaenda.

Usiku wa pili pia sikuwa na neno, akanipa la kwake tena: kwamba siku ile nzima alivaa soksi mbili zisizofanana na hakuna mtoto aliyekuwa na huruma ya kumwambia. Nililala nikicheka. Lakini asubuhi wazo jipya likaniingia, na likaingia kwa nguvu. Mwalimu alikuwa na daftari. Nilimwona nalo jikoni akiandika. Nikaamua kwamba maneno yetu ya kulalia yaliandikwa mle, na mwisho wa wiki yalipelekwa kwa wazazi, nao wakasoma wakaamua nani arudishwe nyumbani na nani aachwe.

Kuanzia hapo nikawa na maneno. "Leo nimefua soksi zangu na za Loishiye." "Leo nimeosha vikombe ishirini na sikuvunja hata kimoja." "Leo nimebeba sahani kwa mikono miwili."

Mwalimu aliyapokea, lakini siku ya tatu ya mtindo huo alikaa kidogo kabla ya kugonga mbao. "Elibariki," alisema, "unaniambia ulichofanya. Mimi nataka ulichoona. Na hivi vyombo, mbona vinakusumbua sana?"

"Havinisumbui, Mwalimu."

"Haya. Nimelipokea."

Siku ya nane, mchana, tulikuwa tunacheza mpira. Nilikuwa nimefunga goli. Nalikumbuka goli lile vizuri kwa sababu ndilo pekee nililofunga maisha yangu yote, la kichwa tena, bila kukusudia. Wenzangu walinirukia mgongoni, tukaanguka wote kwenye majani, nami nilikuwa nacheka mpaka mbavu zinauma. Loishiye ndiye aliyesimama kwanza. Alikuwa na macho ya mchungaji, aliona mbali.

"Lile gari lenye gurudumu mgongoni," alisema. "Si ndilo uliloniambia? La baba yako?"

Nikageuka. Nyuma ya ua wa michongoma, kwenye njia ya kahawa, lilikuwepo gari la kazini kwa baba, la kijani, lenye ngao ile ya chuma mbele. Baba alikuwa amesimama na Mwalimu karibu na mlango wa gari, kofia mkononi. Nilianza kukimbia. Uwanja ulikuwa na mteremko na nilikuwa na pumzi ya goli bado, lakini nilipofika kwenye ua gari lilikuwa limeshageuza. Niliona mkono wa baba dirishani. Haukunipungia. Ulikuwa umeshika tu mlango kwa nje, kama alivyozoea kuendesha.

Mwalimu alikuwa amebaki pale pale, mikono nyuma.

"Mwalimu, yule alikuwa baba?"

Aliniangalia. Leo ninajua kwamba angeweza kunidanganya, wakubwa wengi wangefanya hivyo na kesi ikaisha. "Ndiye," alisema. "Rudi ukacheze, Elibariki."

Sikurudi. Nilikaa nyuma ya jiko mpaka jioni nikitazama kuku. Nilikwishaelewa. Baba alikuja, akauliza habari zangu, akasomewa daftari, akaona hazijatosha.

Wakati wa kulala Mwalimu alizunguka na taa kama kawaida. Kutoka mlangoni hadi kwangu ni vitanda sita, na nilimsikia akipokea maneno sita. Alipofika, sikumngojea asimame vizuri.

"Leo nimemwona baba akiondoka."

Hakusema amelipokea. Wale wa mwisho, ambao kwa kawaida walikuwa wakisukumana, waliacha. Mwalimu aliweka taa sakafuni, akaketi pembeni ya kitanda changu, na mbao zikalia kwa uzito wake.

"Unadhani kwa nini aliondoka?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kwa sababu ya chupa."

"Chupa gani?"

Nikamweleza. Chupa ya waridi, mama kuketi akashika tumbo, maneno niliyoyasikia mlangoni. Nikamwambia kwamba vikombe nimeosha na anaweza kuuliza wapishi. Nilieleza haraka haraka, kama mtu anayejitetea mbele ya wazee, na nilipomaliza nikaona Mwalimu ameshika kipaji cha uso.

"Lala," alisema baadaye sana. "Nimekusikia." Akachukua taa akatoka bila kumalizia vitanda vilivyobaki, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya, na hakuna mvulana aliyelalamika. Nilisikia mabuti yake nje kwenye changarawe, yakienda hadi jikoni na kurudi, yakienda na kurudi.

Aliniamsha kengele ikiwa bado. "Vaa sweta zote mbili. Tunakwenda kumwona mama yako."

Kutoka kule juu kila alfajiri ilishuka pikapu ya maziwa kwenda mjini. Tulikaa mbele na dereva, mimi katikati, madumu yakigongana nyuma. Tulipofika barabara ya lami ndipo Mwalimu akaniambia, akitazama mbele muda wote. Mama alikuwa na uvimbe tumboni. Alikuwa mgonjwa tangu kabla ya chupa. Asubuhi ile daktari angemfanyia upasuaji. Jana yake baba alikuja kunichukua kwa sababu mama aliomba anione kwanza, lakini alipofika akabadilisha mawazo, akamwomba Mwalimu asiniambie chochote mpaka yaishe.

"Nilimkubalia," alisema Mwalimu. "Nilikuwa nimekosea."

Dereva wa maziwa aliongeza mwendo.

Hospitalini, baba alikuwa kwenye benchi la korido, kofia ikizunguka mikononi. Alipotuona alisimama. Sikuwahi kumwona na sura ile kabla ya hapo.

"Shikamoo baba."

Hakuitika. Alikuwa anamtazama Mwalimu. "Tulikubaliana nini, Mwalimu?"

"Tulikubaliana, na mimi nimevunja. Utanisema baadaye, nitasikiliza. Sasa hivi mtoto amefika."

Walisimama hivyo, wanaume wawili, na mhudumu mwenye ndoo ikambidi apite katikati yao. Halafu baba akashusha macho hadi kwenye miguu yangu. Nilikuwa nimevaa viatu kwa haraka, vina tope la mfereji hadi kwenye kamba. Akachuchumaa, akatoa kitambaa chake cheupe, kile cha siku za watalii, akaanza kunifuta tope, kiatu kimoja, kisha cha pili, taratibu, hadi kwenye soli. Alipomaliza akanishika mkono, akaniingiza mwenyewe.

Mama alikuwa ameketi kitandani na gauni la kijani la hospitali, kichwa kimefungwa. Alionekana mdogo. Aliponiona alisema jambo ambalo angelisema siku yoyote ile.

"Umekula, baba'angu?"

"Bado. Mama, ile chupa ya chai. Nimejifunza kushika vitu. Naweza kurudi nyumbani."

"Chupa ipi?"

"Ile ya maua. Ulimwambia baba hamuwezi kukaa na mimi."

Mama alimtazama baba juu ya kichwa changu. Kisha alianza kucheka, kicheko kisicho na sauti, mabega tu yakitetemeka, na machozi yakawa yanamtoka na mimi sikujua kipi ni kipi. Akanivuta. Gauni lilinuka dawa lakini shingo ilinuka yeye.

"Ile chupa haijawahi kutunza joto tangu siku ya harusi," alisema sikioni kwangu. "Nilikuwa naiweka kwa sababu ya maua. Na nilisema hatuwezi kukaa na wewe pale kwa sababu pale pasingekuwa na mtu. Baba yako angekuwa hapa, mimi ningekuwa hapa. Nani angekupikia?"

Nilikuwa sijawahi kufikiria hilo. Nilikuwa nimefikiria mambo yote isipokuwa hilo.

Muuguzi alikuja na machela. Mama alinipa agizo la mwisho kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayenituma dukani. "Rudi ukamalizie kambi yako. Nikiamka nataka nisikie yote, usiruke hata siku."

Nikarudi na Mwalimu kwa daladala, kwa sababu nilikuwa nimetumwa. Siku ile tulichambua maharage na mikono yangu iliyachambua vibaya, nikatupa mazuri nikabakiza mabovu, na Loishiye akayapanga upya bila kusema kitu. Jua lilikuwa limeanza kuegemea magharibi, pikapu ya maziwa iliporudi na madumu matupu. Dereva alishuka na karatasi iliyokunjwa mara nne, mwandiko wa baba. Mwalimu aliisoma kwanza kimya, kisha kwa sauti, kwangu na kwa Loishiye, katikati ya maganda: "Ametoka salama. Amezinduka. Ameuliza kama mtoto alikula."

Loishiye alinipiga begani kwa nguvu, kama mtu anavyompiga ndama aliyesimama baada ya kuugua. Usiku ule nilimwambia Mwalimu nina maneno mengi mno, hayataisha. Akavuta kiti.

Baba alinifuata siku ya mwisho. Nilidhani yeye na Mwalimu watagombana, nikajificha nyuma ya godoro langu lililokunjwa. Walishikana mikono tu, muda mrefu. Njiani baba aliendesha hadi tulipoiacha migomba. Halafu akasogeza gari pembeni, akalizima.

"Siku ile nilikuja kukuchukua," alisema. "Nikakuona umefunga goli. Nikaona unacheka vile. Nikasema, nikimpeleka leo, na likatokea la kutokea, hatacheka hivyo tena. Nikakuacha."

"Nilikuona, baba. Nilikimbia."

Alinigeukia. "Uliniona?"

"Niliona mkono wako dirishani."

Alishika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa limezimwa. Malori mawili ya mchanga yalitupita, gari letu likayumba. "Nisamehe, Elibariki," alisema. Sikuwahi kusikia baba wa mtu yeyote akisema hivyo kwa mtoto, na sikujua mtoto anajibuje. Nikamwambia, "Asante."

Mama alibaki hospitali siku tisa zaidi. Aliishi, na anaishi hata sasa, na bado anauliza watu kama wamekula. Siku hizo tisa nyumba ya Kijenge ilikuwa yangu na baba. Alipika wali ukashika chini, alifua sare yangu ikaingia rangi ya soksi. Na jioni ya kwanza alitoa godoro chumbani kwao akalitandika sakafuni chumbani kwangu, bila maelezo, kama vile ndivyo tulivyolala siku zote. Alizima taa. Nilimsikia akijigeuza, akikohoa kidogo.

"Umelala?" aliuliza.

"Bado."

Baada ya muda akauliza tena, na nikajibu bado. Macho yalikuwa mazito na usingizi ulikuwa umeshanifika magotini, lakini kila alipouliza nilijivuta nikajibu bado, ili aulize tena.